Walichobeba Mabibi Harusi wa Mzee Masele

Siku ya Jumamosi, tarehe 14 Juni mwaka 2014, watu thelathini na saba wa ukoo wa Mzee Masele walipanga mstari mbele ya tembe lao, nyumba ya udongo yenye paa bapa, si mbali na stesheni ya Igalula, wakangoja kutolewa damu. Wanaume walikuwa kumi na sita, wanawake ishirini na mmoja. Aliyewahesabu, kisha akawahesabu tena, alikuwa Dokta Asmahani Mustafa, mtafiti wa urithi na maradhi ya kuambukiza, ambaye tangu kufika kwake asubuhi hakuwa amekalia kiti.

"Dokta, kaa basi," alisema Revocatus, mtaalamu wake wa maabara, mtu wa Nzega mwenye mkono mwepesi wa sindano na mdomo usiokaukiwa mizaha. "Kiti hiki hakina papasi."

"Nikikaa nitasahau jambo."

"Ukizunguka hivyo watu watadhani tunatafuta njia ya kukimbia na damu yao."

Mzee Masele, aliyekuwa wa kwanza katika mstari, aliunyoosha mkono wake huku akicheka. "Kimbieni tu. Mtafika wapi? Reli yenyewe ni moja."

Nyuma ya tembe hilo ilipita njia kuu ya zamani ya misafara, iliyokuwa ikiwachukua wapagazi na pembe za ndovu mpaka pwani. Leo ni kijia cha ng'ombe. Lakini zamani, pamoja na wapagazi, alisafiri humo mpangaji asiyelipa: papasi. Huyu ni mdudu wa jamii ya kupe, mwenye rangi ya vumbi, akaaye katika nyufa za sakafu na kuta za udongo. Humuuma mtu aliyelala, kisha hurejea ufani kwake kama asiyejua lolote. Homa aiambukizayo ina tabia ya mgeni mwenye kero: huaga ikaondoka, ikarudi, ikaaga tena, ikarudi tena. Ikimkuta mwanamke mjamzito, aghalabu haiondoki mikono mitupu.

Tembe la Masele lilijaa papasi. Jirani zake waliugua kila masika. Watu wa Masele hawakuugua. Wake walioolewa humo kutoka mbali waliugua mwaka wa kwanza, kisha wakatulia. Mtu yeyote angesema ni mazoea ya mwili, na Asmahani naye alisema hivyo mwanzoni. Kilichomnyima utulivu ni mabinti. Binti wa Masele akiolewa Nzega au Igunga alikwenda kulala katika nyumba nyingine yenye papasi wengine. Na ilijulikana vyema kwamba mwili uliozoea papasi wa pale huanza upya kwa papasi wa kule. Hata hivyo binti hakuugua, na watoto aliowazaa ugenini hawakuugua. Nyumba ilibadilika, papasi walibadilika, kinga haikubadilika. Kulibaki nini kingine cha kusafiri naye, isipokuwa damu?

Swali la damu lilikuwa lake tangu utotoni. Alizaliwa Chemchem, Tabora mjini, binti wa fundi cherehani Mustafa na mkewe Bi Maua. Alipokuwa na umri wa miaka sita alilala kitanda kimoja na kaka yake Sabiri, wakaumwa na mbu wale wale, wakashikwa na malaria wiki moja. Asmahani aliamka akaomba uji. Sabiri hakuamka. Waliokuja matangani walisema ni kudura, naye hakubishana na kudura. Alitaka tu kujua ilipitia wapi.

"Mama, mbu si walikuwa hao hao? Kwa nini yeye?"

"Kamuulize aliyekuumba," Bi Maua alimjibu akiwa amempa mgongo. "Mimi nina vyombo vya kuosha."

Swali hilo ndilo lililomsomesha. Alilibeba hadi Dar es Salaam, na kutoka huko hadi nchi za baridi, ambako alijifunza kwamba wapo watu waliorithi sikoseli, kasoro ya chembe za damu, kwa mzazi mmoja tu, nao malaria kali huwapita mbali. Na kwamba huenda kuna kinga nyingine nyingi za namna hiyo zilizofichwa katika koo za watu bila mwenye ukoo kujua. Walimu wake walimtaka abaki. Alibaki miaka miwili, akizungukazunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia, kisha akafunga virago. Akapanga nyumba Chemchem, mitaa miwili kutoka kwa mama yake, akakigeuza chumba kimoja kuwa maabara, ndiyo kituo chake cha utafiti, na akaanza kutafuta ukoo. Wakati huo ndipo aliposikia habari za Masele.

Siku ile ya Juni watu walikuwa wengi kwa sababu ukoo ulikuwa ukimuaga Asnath, mjukuu wa Masele, aliyekuwa akiolewa Igunga. Hata mtoto wa mjini alikuwapo: Mektilda, mjukuu mwingine wa Masele, binti wa umri wa miaka kumi na mitano, aliyezaliwa na kukulia Dar es Salaam, ambaye baba yake alimleta kwa shughuli hiyo tu na jioni akarudi naye kulala katika nyumba ya wageni mjini. Naye alitolewa damu, akaangalia pembeni, hakulia.

Revocatus alipokuwa akifunga sanduku la barafu, Bibi Kashindye, mke wa Masele, alimvuta bibi harusi hadi kando ya mlango. Alifungua pindo la kanga yake, akatoa kifundo kidogo cha kitambaa cheusi, akakifunga katika pindo la Asnath huku akimnong'oneza kwa Kinyamwezi. Asmahani aliona. Papo hapo akageuza uso, akampiga Revocatus kiwiko.

"Geuka huko!"

"Kwani nimefanya nini?"

"Bibi harusi anafungwa. Wewe huna shangazi?"

"Ninaye, ila mimi hakunifunga kitu. Ndiyo maana nimeoa vibaya."

Asmahani mwenyewe, alipoolewa, somo wake alimfungia kifundo chenye ubani na udi, pamoja na vitu viwili ambavyo hakuwahi kumtajia hata mumewe. Katika Tabora yote, mjini na vijijini, kwa Waislamu na kwa Wakristo, anayeuliza bibi harusi amefungiwa nini hajalelewa. Hojaji ya Asmahani iliuliza juu ya visima, mikeka, mbuzi, mapaa, moshi wa jikoni na safari za mababu. Pindo la bibi harusi halikuulizwa.

Miaka mitano aliifanyia kazi damu ile. Aliituma sehemu yake kwa wenzake wenye mashine kubwa, akangoja majibu akitembea huku na huko hadi mama yake akamwambia atatoboa sakafu. Mwaka 2019 alipata alichokuwa akikitafuta: badiliko dogo katika jeni moja inayosaidia kujenga ngozi ya nje ya chembe nyekundu za damu. Lilionekana kwa watu wa Masele mara nyingi kuliko kwa jirani zao. Aliandika, akaalikwa, akapigiwa makofi katika kumbi zenye zulia. Aliporudi alikwenda Igalula kuwaeleza wenye damu yao, kama ilivyo haki, akasimama mbele ya tembe na kutamka maneno ambayo baadaye angetamani kuyameza.

"Kinga yenu imo katika damu. Popote mwendako, mnakwenda nayo."

"Kumbe sisi ni chanjo zinazotembea!" Masele alidakia. "Basi na mahari yetu ipande!"

Watu wote wakacheka. Bibi Kashindye hakucheka. Alitikisa kichwa taratibu kwa kukubali, akakaa chini, mfano wa mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Asmahani alidhani bibi kachoka na jua.

Mwezi wa Novemba mwaka 2023 simu yake ililia alipokuwa akiandika kazi yake kubwa, ile iliyokuwa ihitimishe yote.

"Shikamoo, Dokta. Mimi Mektilda, wa Masele."

"Marahaba, mwanangu! Uko Igalula?"

"Bado niko Dar. Nina mimba ya miezi sita, na Bibi anataka nikajifungulie kwake. Mume wangu anaogopa. Anasema nyumba ya Bibi ni zizi la papasi."

"Mwambie asitukane nyumba ya wakwe zake, watamtoza faini."

Mektilda alicheka, kisha sauti yake ikashuka. "Lakini kweli ni salama?"

Asmahani aliinuka, akaifungua kompyuta akiwa amesimama, akaitafuta sampuli ya binti yule wa miaka kumi na mitano. Badiliko lilikuwapo.

"Damu yako ninayo hapa mbele yangu. Uko salama kuliko mimi."

Asubuhi moja katikati ya Januari alipigiwa na Revocatus kutoka hospitali ya mkoa, Kitete, alikokuwa akisaidia maabara. "Njoo," alisema, bila mzaha wowote, na hilo pekee lilitosha kumtisha. Alimkuta ameinamia hadubini. Asmahani alitazama kioo: kati ya chembe nyekundu vilikuwamo vijidudu vyembamba, vimejipinda kama uzi wa kufumia uliofumuliwa, vingi mno.

"Hii ni ya nani?"

"Ya Mektilda. Kaletwa alfajiri na gari la jirani."

"Umechanganya vioo."

"Nilitamani iwe hivyo, Dokta. Nimemtoa damu tena, nikaangalia tena. Ni yeye."

Wodini wauguzi walikuwa wamekwisha kuanza dawa. Dawa ya homa hii, inapowaua vijidudu kwa wingi, kwanza humtetemesha mgonjwa kupita homa yenyewe. Asmahani aliyajua hayo, akavishika viganja vya Mektilda mpaka kitanda kilipoacha kugonga ukuta. Mektilda alifumbua macho.

"Ulisema."

"Nilisema."

Kabla ya adhuhuri mtoto alizaliwa, wa kiume, wiki kadhaa kabla ya wakati wake. Hakulia.

Bibi Kashindye alikuwa ameketi katika benchi la nje, kanga imefunika kichwa chote. Asmahani alimwamkia, akasimama mbele yake, akashindwa kuondoka na akashindwa kukaa.

"Sikumpa," Bibi alisema.

"Hukumpa nini, Bibi?"

"Huyu alikuwa wa mjini. Harusi yake ilifanyika huko huko, mimi nilikwenda kula wali tu. Nikajisemea, nyumba ya sementi na kifundo vina nini? Alipokuja kwangu nikataka kumlaza kwa mdogo wangu mpaka ajifungue, kule kwenye nyumba mpya. Nikakumbuka maneno yako. Nikasema, damu ipo."

"Bibi, kwenye kifundo kuna nini?"

Bibi Kashindye aliinua macho. Hayakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ulikuwapo wewe mwenyewe siku ya Asnath. Ukageuza uso. Nami nikasema moyoni, huyu kalelewa."

"Kuna nini?"

"Vumbi la sakafu yetu. Na papasi wetu, saba au wanane, wazima. Akifika kwa mume anawaachia ufani, karibu na kitanda, kabla hajala chakula cha watu. Wanazaana. Anaendelea kuumwa na wale wale, na wanawe wanaumwa na wale wale tangu wachanga, hawawi wageni. Mama mkwe wangu alinipa mimi nilipokuwa bado nakwenda huku na huku na mume wangu. Wapagazi waliwabeba hivyo hivyo kwenye mikeka yao hadi pwani na kurudi, ili wakifika nyumbani nyumba isiwakatae."

Asmahani alikaa. Revocatus, aliyekuwa akija na chai, aliniambia baadaye, mimi ninayeandika haya, kwamba hajawahi kumwona mkuu wake akikaa upesi namna ile.

"Kwa nini hamkuniambia, Bibi? Miaka yote hii?"

"Bwana afya alikuja zamani na pampu ya dawa, akatuita wachafu mbele ya wakwe. Binti akijulikana kapeleka wadudu kwa mumewe, si atarudishwa siku hiyo hiyo? Na wewe hukuuliza."

"Sikuuliza," Asmahani alikubali. Kisha jambo jingine likamwingia, naye akainuka tena. "Baada ya mimi kusema ni damu, mabibi harusi waliofuata uliwafungia?"

"Niliacha. Ulinitua mzigo, mwanangu. Mara mbili nimeozesha bila kifundo. Benedikta na Mhoja."

Hapo ndipo alipouona ukubwa wa kosa. Si kwamba neno lake lilikuwa limekosa ukweli tu. Lilikuwa limeingia nyumbani mwa watu na kukiondoa kitu mahali pake. Hakurudi Chemchem kubadili nguo. Yeye na Revocatus walichukua gari la kituo, wakashika barabara ya Nzega. Njiani alizungumza peke yake, akabishana na kurasa alizokuwa ameziandika, akamtaka Revocatus aongeze mwendo, kisha akamkemea kwa kuongeza mwendo.

"Dokta, chagua moja," Revocatus alisema. "Gari halina akili mbili."

Benedikta walimkuta mzima, katika nyumba yenye sakafu ya saruji, akiwachekea kwa mshangao. Mhoja alikuwa mbele zaidi, upande wa Igunga, katika nyumba ya udongo. Homa ilikuwa imempata masika yaliyopita, ikaenda, ikarudi. Akanywa dawa za malaria, akaambiwa na wifi zake kwamba ni mvivu. Sasa alikuwa na ujauzito mchanga. Asmahani alimwita uani.

"Leo utapimwa papasi, si malaria tu. Kila homa utakayopata hadi ujifungue, unakwenda zahanati siku hiyo hiyo na unataja papasi kwa mdomo wako. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Dokta. Lakini si ulisema sisi..."

"Nilisema nisichokuwa nimekithibitisha."

Mhoja alijifunga kanga upya. "Bibi alinifunza kunyamaza juu ya kifundo," alisema. "Nikaenda bila kifundo, nikanyamaza vile vile."

Wakati wa kurudi Asmahani alikuwa ameshapata uamuzi. Aliiondoa kazi yake kubwa kwa mhariri kabla haijachapwa, na kuhusu ile ya kwanza akaandika taarifa ya wazi: kwamba kinga aliyoihusisha na jeni iliweza kuelezwa kwa njia nyingine, na kwamba yeye ndiye aliyeshindwa kuuliza. Mkuu wake wa zamani kule ugenini alimpigia simu akimsihi angoje. Kwa nini aharakishe? Mgonjwa mmoja haangushi takwimu za watu wengi. Na wafadhili wangesema nini?

"Huyo mmoja alikuwa na badiliko," Asmahani alisema, "na alikuwa na papasi, na hakuwa na kifundo. Unataka wangapi?"

Wafadhili walisema walichosema. Kituo kilibaki na watu wawili na hadubini moja. Kabla ya kuandika neno lolote juu ya kifundo alikwenda kumwomba ruhusa mwenye nacho. Bibi Kashindye alifikiri, akatema mate pembeni, akasema, "Andika. Lakini usituandike jina, wala usiwaandike mabinti kule waliko." Ndivyo alivyoandika. Majina yaliyomo humu ninayaandika mimi, nimeyabadili yote, kwa idhini yao.

"Sasa nikiozesha nifunge nini?" Bibi alimwuliza siku ile. "Papasi umesema si salama kwa watu wa huko wasiowazoea. Damu umesema huijui. Nifunge nini?"

Asmahani alizungumza habari za sakafu ya saruji, vitanda vya miguu mirefu, zahanati. Bibi alisikiliza yote kwa heshima. Hayo hayakuwa jibu la swali lake, na wote wawili walijua.

Mzee mmoja aliyewahi kumfundisha Asmahani hesabu alidhani kwamba baada ya hayo angeacha. Hakuacha, wala hakutulia. Swali la Sabiri lilikuwa pale pale: waliolala mahali pamoja, wakaumwa na wadudu wale wale, kwa nini mmoja huamka? Sasa alitaka kuliuliza upya, kifundo kikiwa kimehesabiwa pamoja na visima na mikeka, ili ijulikane kama damu ina sehemu yoyote au haina kabisa. Kwa hilo alihitaji watu wale wale, na wao walikuwa na haki ya kumkatalia.

Jumamosi, tarehe 14 Juni mwaka 2025, alisimama tena mbele ya tembe. Aliwaeleza kosa lake tangu mwanzo hadi mwisho bila kulipamba, akataja mtoto aliyepotea, akasema kwamba asiyetaka atachukua damu yake ya zamani imwagwe mbele ya macho yake. Mjomba mmoja aliuliza kwa sauti, "Na safari hii tukikuamini, nani tena atakufa?" Mjomba akaondoka, na baadhi wakamfuata.

Mektilda alikuwa amesimama mbali, karibu na kijia cha ng'ombe. Alisogea polepole, akapita mbele ya Asmahani bila kumwamkia, akaketi kwa Revocatus, akakunja mkono wa blauzi.

"Una hakika?" Revocatus alimwuliza, kwa sauti ya chini.

"Toa. Nataka kujua kwa nini mimi niliamka."

Asmahani aligeukia ukuta kwa muda, kisha akaanza kuhesabu.

Kati ya watu thelathini na saba wa mwaka 2014, wanne walikuwa wamefariki, Mzee Masele akiwa mmojawapo. Tisa walikuwa wamehama na hawakufika. Kumi na mmoja walikataa, na damu yao ikamwagwa. Waliobaki ni kumi na watatu: wanaume wanne, wanawake tisa.